Kibaba, Kikombe na Mizani



Jioni hii twapenda kuzungumza nanyi juu ya kugeuza uzito kuwa ujazo, kwa vyakula vikavu vya jikoni. Siku moja nyumbani kwetu tulitaka kupika maandazi ya wageni wa arusi. Cheti cha mapishi kilisema unga wa ngano gramu 500. Mizani hatukuwa nayo, illa jagi la maziwa lenye alama ya nusu lita. Tukadhani ni mamoja, tukajaza unga hata alama, na maji tukatia kama tulivyoagizwa. Donge halikukandika, lilikuwa uji mzito, na wageni wamekwisha kuketi! Wakanywa chai bila andazi hata moja.

Kosa lilikuwa wapi? Nusu lita ya maji ni gramu 500 kweli. Walakini unga si maji: kati ya chembe zake mna hewa nyingi, na nusu lita yake ni kadiri ya gramu 250 tu. Tulitia nusu ya unga uliotakiwa.

Wazee wa pwani walipima nafaka kwa kibaba. Vibaba viwili ni kisaga, vinne ni pishi. Nao walitenga kibaba cha tele, kilichojazwa hata kikafanya kichuguu, na kibaba cha mfuto, kilichofutwa juu hata kikawa sawa na ukingo. Aliyeahidiwa tele akapewa mfuto alikuwa na haki ya kugomba.

Basi twaeni kikombe cha robo lita, mpime kwa mfuto. Unga wa ngano uliotiwa kwa kijiko ni kama gramu 125; ukishindiliwa waweza kupita 150. Sukari ni karibu gramu 200, na mchele vivyo hivyo. Chumvi laini yakaribia 300. Kumbe unga wetu ulikuwa vikombe vinne!

Lakini vikombe vya nyumbani havilingani. Nunueni kilo moja ya unga iliyopimwa dukani, mwihamishe kikombe kwa kikombe, mkihesabu. Vikitoka vinane, kila kimoja ni gramu 125. Vikitoka saba au tisa, gawanyeni 1,000 kwa hesabu hiyo. Fanyeni vivyo kwa sukari na mchele, mwandike majibu karatasini, mkaibandike mlangoni pa kabati. Na kikombe hicho kisitoke jikoni kwenda kuchotea maji.