Alijitoa au Alitolewa? Sadaka na Ukumbusho katika Tafakari zetu za Kila Siku

Mada iliyotolewa katika semina ya waandishi na wasomaji wa tafakari za asubuhi



Nimeombwa nizungumze juu ya sadaka na ukumbusho katika tafakari tunazoziandaa. Baadhi yenu mnaandika kila wiki, na wengine mnazisoma kwa sauti mbele ya jumuiya kabla watu hawajaelekea shambani au kituo cha daladala. Kazi yenyewe mnaijua: kifungu kimoja cha Maandiko, maelezo mafupi, sala ya mistari mitatu. Katika nafasi hiyo finyu neno "sadaka" huingia mara kwa mara, na huingia bila kuulizwa linakwenda kwa nani. Leo naomba tulisimamishe mlangoni tulihoji.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Nilipokuwa mwinjilisti kijana, niliandika tafakari ya Jumatano moja ya Kwaresima juu ya kubeba msalaba. Nilisema kwamba ampendaye Bwana huvumilia, hunyamaza, na huitoa nafsi yake bila kuuliza. Nikaipenda, nikaitolea nakala zaidi ya kawaida. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, mama mmoja alinisubiri karibu na tangi la maji. Alikuwa amejitanda khanga, akaivuta hadi shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Akaniambia, "Mwinjilisti, ile karatasi yako mume wangu kaipenda. Kanisomea mara mbili." Kisha akaishusha khanga kidogo, nikaona. Hakulia wala hakunilaumu. Akajitanda tena, akajitwika ndoo yake, akaenda zake.

Yule bwana hakuwa mtu wa kufungua Biblia. Ila wiki ile alikuwa amepata andiko la kumnyamazishia mkewe, na aliyempa ni mimi.

Tangu hapo, kila ninapokaa kuandika juu ya dhabihu, najiuliza swali moja kabla ya sentensi ya kwanza: huyu ninayemtaja, alijitoa au alitolewa?

Silabi moja

Sisi tunaotumia Kiswahili tuna neema ambayo pengine hatujaithamini. Tuna sadaka, dhabihu, kafara, tambiko, mhanga. Kila neno limekuja na mzigo wake. Sadaka tunaishiriki na ndugu zetu Waislamu, na kwa waumini wengi imekuwa ni ile noti inayodondoka kikapuni Jumapili. Tambiko linatupeleka makaburini kwa wazee. Kafara lina harufu ya damu na ya hofu. Mtaani karani akifukuzwa kwa kosa la wakubwa zake, watu husema ametolewa kafara, na kila mtu anaelewa kwamba hakuna aliyemuuliza kama yuko radhi.

Sasa liangalieni neno "kujitoa". Silabi ile "ji" ni ndogo, lakini imebeba tofauti yote kati ya Kalvari na machinjioni. Katika sura ya kumi ya Injili ya Yohana, Bwana anasema wazi kwamba uhai wake hapokonywi na mtu, yeye mwenyewe ndiye anautoa. Ukiiondoa "ji" hiyo, unabaki na mtu aliyeuawa na wenye nguvu, jambo ambalo dunia imelizoea tangu Habili.

Najua kuna atakayenipinga, na atakuwa na haki. Atasema, mbona Paulo, anapowaandikia Wakorintho waraka wa kwanza, sura ya kumi na moja, kuhusu Meza ya Bwana, anautaja ule usiku kuwa usiku wa kutolewa kwake? Kweli kabisa. Usiku ule mambo mawili yalitendeka kwa pamoja. Kulikuwa na waliokuwa wanamtoa: mwanafunzi aliyekwisha kupokea fedha, na wakuu waliokuwa wakingoja. Na kulikuwa na Yeye, aliyetwaa mkate akaumega kabla hawajafika. Wale waliomtoa hawakugeuka kuwa watakatifu kwa sababu Yeye alijitoa. Dhambi yao ilibaki dhambi. Tunaposahau hilo, tunaanza kumshukuru Yuda, na tukishamshukuru Yuda hatutakuwa na neno la kumwambia mume mwenye mkono mwepesi.

Kikapu cha mkulima

Kuhusu ukumbusho, nawapeleka kwenye kitabu ambacho watafsiri wetu walikipa jina lenye ukumbusho ndani yake: Kumbukumbu la Torati. Sura ya ishirini na sita. Mkulima amevuna. Anatwaa malimbuko ya ardhi yake, anayaweka kikapuni, anakwenda mahali Mungu alipopachagua. Kuhani anakipokea kikapu. Na hapo, badala ya kuombwa atamke jinsi mavuno yalivyokuwa mazuri, mkulima anatakiwa asimulie ukoo wake: baba mhamaji aliyekaribia kuangamia, kushuka Misri, kazi ngumu, kilio, kutolewa kwa mkono wenye nguvu. Baada ya masimulizi, anakula na kufurahi pamoja na Mlawi asiye na shamba na mgeni aliyeko kwao.

Tazameni mpangilio huo. Sadaka iko mkononi na historia iko mdomoni, vyote kwa pamoja. Anayeikumbuka Misri anakumbuka alivyotolewa jasho kwa nguvu, mtumwa aliyejenga miji ya Farao. Kwa kuwa anakumbuka, hawezi kumfanyia mgeni vile alivyofanyiwa babu yake. Kikapu chake ni cha hiari, na kinamlisha mtu mwingine ambaye hana. Kwa maoni yangu hapo ndipo sadaka na ukumbusho vinapofungamana vizuri kuliko popote katika Agano la Kale, na nashangaa jinsi sura hii isivyotajwa sana katika ratiba zetu isipokuwa wakati wa kuhimiza mavuno.

Agano la Kale lilikuwa pia na sadaka ya kila siku, mwanakondoo mmoja asubuhi na mmoja jioni, kama Kutoka 29 inavyoagiza. Waebrania 10 inatuambia sadaka za namna hiyo zimefika mwisho: Kristo ametoa mara moja, imetosha. Kilichobaki kuwa cha kila siku ni kukumbuka. Ndugu zetu Wamoravian walilielewa hili mapema. Huko Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1728, kiongozi wao Zinzendorf alianza kuwapa waumini neno moja la siku lipelekwe nyumba kwa nyumba. Mwaka 1731 maneno hayo yakachapwa kitabu, na hayajakoma hadi leo. Wamisionari wao walipofika Rungwe mwaka 1891 walikuwa watu waliokwisha kulelewa na desturi hiyo. Kwa hiyo kazi mnayoifanya ina umri.

Sakafu ya Mkunazini

Walio na nafasi ya kufika Unguja, nawaomba msiishie kuangalia kanisa la Mkunazini kama watalii. Ingieni, mtembee taratibu mpaka mbele, mtazame chini karibu na altare. Kuna duara limewekwa sakafuni. Hapo, kwa mapokeo ya kanisa lile, ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa katika soko la watumwa. Mkataba wa kulifunga soko ulitiwa saini Juni 1873 na Sultani Barghash, na siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu, ndiye aliyesimamia ujenzi, na amezikwa nyuma ya altare hiyo.

Nimewahi kupiga magoti pale nikapokea ushirika mtakatifu, na sikuweza kumeza haraka. Mkate wa aliyejitoa, juu ya ardhi ya waliotolewa. Wale waliofungwa hapo hawakutoa dhabihu yoyote. Walitekwa bara, wakatembezwa hadi pwani, wakavushwa kwa majahazi, wakapangwa kwa bei. Mhubiri akisimama pale akasema "mateso yao yalikuwa sadaka iliyoleta baraka", atakuwa amewafunga tena kwenye mti ule. Altare ile haiubariki mjeledi. Inasema kwamba Kristo amesimama upande wa aliyefungwa.

Nje ya kanisa kuna shimo lenye sanamu tano za watumwa zilizochongwa mwaka 1998 na Clara Sörnäs wa Sweden. Shingoni wana minyororo. Nyuso zinatofautiana, huwezi kusema ni "watumwa" tu kwa jumla, kwa sababu kila mmoja anakutazama kivyake. Hatuna majina yao. Kalenda zetu zina siku za mashahidi na za maaskofu, lakini hao hawana siku. Ningependa mwaka huu angalau tafakari moja, katika juma la kawaida lisilo na sikukuu, iandikwe kwa ajili yao, bila kuwageuza kuwa mfano wa uvumilivu.

Wasomaji wa Buganda

Steere anatupeleka mbali zaidi. Alitafsiri Injili kwa Kiswahili, na kurasa hizo zilisafiri hadi Buganda, ambako mmisionari Alexander Mackay alizitumia kufundishia kabla ya kupatikana Maandiko ya Kiganda. Waliojifunza waliitwa wasomaji. Jina zuri kweli! Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu kati yao, Makko Kakumba, Nuhu Serwanga na Yusufu Lugalama, waliuawa kwa moto huko Busega kwa amri ya utawala wa Kabaka Mwanga. Mapokeo ya Kanisa la Uganda yanasema walikufa wakiimba, na wimbo unaohusishwa nao ni ule unaohimiza sifa za Mungu kila siku. Waliimba neno "kila siku" katika siku yao ya mwisho. Mwandishi wa tafakari akilikumbuka hilo hataichukulia kazi yake kuwa ya kujaza ukurasa.

Lakini swali letu linabana hapa pia. Lugalama alikuwa mtoto tu, Mhima, aliyetekwa vitani kabla ya kulelewa na wamisionari. Mtoto kama huyo alijitoa au alitolewa? Nimelibeba swali hili muda mrefu. Walioamuru moto walimtoa; hilo halina shaka, na lazima tuwataje. Hata hivyo wimbo ulikuwa wake. Sehemu ile ndogo ambayo hakuna askari angeweza kuishika, aliitoa mwenyewe. Tukisimulia wimbo tu, tumewasamehe wauaji kwa niaba ya mtoto, na tukisimulia moto tu, tumemnyang'anya imani yake. Tusimulie vyote viwili, kama Paulo alivyosimulia usiku ule. Na tarehe 3 Juni, tunapowakumbuka Karoli Lwanga na wenzake waliochomwa Namugongo mwaka 1886, Wakatoliki na Waanglikana, tuwe na uangalifu huohuo.

Kwa Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda jibu ni wazi zaidi. Februari 1977 yeye na maaskofu wenzake walimwandikia Idi Amin barua ya kulalamikia mauaji na watu kutoweka. Tarehe 16 mwezi huohuo akauawa. Luwum alisema kwa sababu wengine walikuwa wanachukuliwa majumbani usiku. Alijitoa ili wasiendelee kutolewa. Nikitafuta alama ya kuitambua sadaka ya Kikristo, naiona hapo: inakwenda kusimama kati ya mnyonge na mkono unaomfikia. Ikimwacha mnyonge palepale na kumwambia avumilie, ni kitu kingine, hata kama imevaa maneno ya msalaba.

Kalamu mkononi

Mnaporudi mezani, chungeni sana kitenzi cha kutendwa. "Aliteswa", "alitolewa", "alinyimwa" ni vitenzi vinavyomficha mtendaji. Andikeni nani alitesa. Manabii hawakuona haya kutaja wafalme kwa majina.

Mkihimiza mtu ajitoe, jiulizeni kwanza kama anacho cha kutoa. Mwenye nguvu aambiwe atoe nguvu yake, mwenye sauti atoe sauti. Yule ambaye amekwisha kunyang'anywa aambiwe kwamba Bwana ameona, na kwamba mlango wa mchungaji na wa dawati la jinsia polisi uko wazi kwake. Ndiyo, hata hilo linaweza kuandikwa katika tafakari ya asubuhi. Mimi nililiandika Kwaresima iliyofuata, nikaipeleka karatasi mwenyewe mpaka nyumba ile. Mama aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja mara nne, akaiweka kwenye pindo la khanga pale anapofungia fedha.

Na ukumbusho uishie kikapuni, kama wa yule mkulima. Msomaji akimaliza kusoma awe na jambo moja analoweza kulitenda kabla jua halijazama, kwa ajili ya mtu mwenye jina.

Baada ya chai tutagawanyika makundi ya watu wanne wanne. Kila kundi lichukue Kumbukumbu la Torati 26, aya ya kwanza hadi ya kumi na moja, na kuandika tafakari ya kesho asubuhi. Mkishaandika, mmoja wenu aisome kwa sauti, na watatu waliobaki waisikilize kana kwamba wamekaa ndani ya nyumba ya yule mama, na mumewe naye yupo, anasikia.