Je, Isidingo Ilishuka?

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Mwaka jana, wakati wa chakula cha jioni, katika meza niliyoketi lilizuka jambo. Ndugu yetu mmoja, ambaye sitamtaja kwa sababu yumo humu na alinitangulia vidato viwili, alisema kwamba kila kitu siku hizi kimeshuka. Uji wa shule umeshuka, gwaride limeshuka, Kiingereza cha wanafunzi kimeshuka. Alipoona tumekwisha kumzoea, akaongeza: "Hata Isidingo ilishuka kabla ya kufa." Hapo meza nzima ikaamka. Juu ya uji hakuna aliyembishia, lakini juu ya Isidingo tulibishana mpaka taa za bwalo zikazimwa. Kamati ikapata habari, ikaona adhabu inayonifaa ni kunipa robo saa nilieleze jambo hilo mbele ya hadhara hii.

Kwa faida ya vijana ambao hawakuiona, Isidingo ilikuwa tamthilia ya televisheni ya Afrika Kusini. Ilibuniwa na Gray Hofmeyr, ikaanza kuonyeshwa katika SABC 3 tarehe 7 Julai 1998, nusu saa kila siku ya kazi, na ikamalizika tarehe 12 Machi 2020. Hiyo ni miaka ishirini na miwili kasoro miezi minne. Mambo yake yalitendeka katika mji wa kubuni uitwao Horizon Deep, mji uliojengwa juu ya mgodi wa dhahabu. Neno lenyewe isidingo, kwa Kizulu, maana yake ni hitaji.

Sisi tuliipata kwa njia ya ITV. Hapa shuleni televisheni ilikuwa moja, imefungiwa katika sanduku la mbao lililotengenezwa na fundi wa shule, na ufunguo ulikaa kwa mwalimu wa zamu. Kulikuwa na walimu wa zamu waliopenda Isidingo na wengine waliopenda masomo ya usiku. Ratiba ya zamu tuliijua kuliko ratiba ya mitihani. Ilipokuwa zamu ya wale wa kundi la kwanza, vijana mia mbili walijipanga bwaloni wakimwangalia Barker Haines, yaani Robert Whitehead, akimdhulumu mtu kwa Kiingereza safi. Na kesho yake asubuhi ungesikia Kiingereza hicho hicho kwenye foleni ya uji.

Sasa nije kwenye hoja. Mimi nasema ilishuka. Lakini nasema hivyo kwa sababu tofauti na alizozitoa ndugu yangu, na naomba mnivumilie, maana sababu ndiyo jambo lenyewe.

Sababu yake ya kwanza ilikuwa kwamba waigizaji wa zamani waliondoka. Hiyo siikubali. Mwigizaji ni mfanyakazi kama mfanyakazi mwingine; huajiriwa, huondoka, na wakati mwingine hugoma. Mwezi Agosti 2014 waigizaji 16 wa tamthilia nyingine ya huko huko, Generations, walifukuzwa kwa pamoja baada ya kugoma, na bado mchezo ulirudi Desemba mwaka ule ule na watu wakaendelea kuutazama. Sababu yake ya pili ilikuwa kwamba visa vilizidi chumvi. Kwa kweli chumvi ilikuwemo tangu zamani. Cherel, aliyeigizwa na hayati Michelle Botes, alikuwa mwovu kupita kiasi tangu tuko hapa, na sisi ndio tuliokuwa tukimpigia makofi. Botes alipofariki Desemba 2024, nilipokea ujumbe kutoka kwa wenzetu sita tuliosoma pamoja, na hakuna hata mmoja aliyelalamikia chumvi.

Wapo pia waliosema kwamba waandishi walichoka. Hapo kuna ukweli, na kazi yangu serikalini ni ya mahesabu, basi niruhusuni nihesabu. Siku tano kwa juma ni vipande kama 260 kwa mwaka. Ukiondoa matangazo ya biashara, nusu saa hubaki dakika kama 22. Zidisha: unapata saa 95. Sasa chukueni tamthilia 37 za Shakespeare, yule ambaye Mwalimu Nyerere alimtafsiri mara mbili, na mkadirie saa mbili na nusu au zaidi kidogo kwa kila moja. Mtapata karibu saa hizo hizo. Yaani kundi la waandishi wa tamthilia ya kila siku huandika kwa mwaka mmoja kiasi alichoandika Shakespeare maisha yake yote, halafu Januari huanza upya. Mmoja hupanga kisa, mwingine hukigawa katika siku, wengine huandika mazungumzo, kila mtu na siku yake. Waigizaji nao huigiza mandhari ya sebuleni yote kwa mkupuo, kisha ya baa yote, bila kufuata mpangilio wa hadithi. Ajabu ni kwamba kitu chochote hutoka humo kikiwa na uhai. Lakini uchovu huo ulikuwepo mwaka wa tatu kama ulivyokuwepo mwaka wa kumi na tano. Hauwezi kuwa ndio uliobadilisha mambo.

Kilichobadilika, kwa maoni yangu, ni kazi. Katika Isidingo tuliyoipenda, watu walikuwa na kazi, na kazi ilikuwa na uzito. Mtu alishuka shimoni. Mkewe alisubiri apande. Kulikuwa na mwajiri, na mishahara, na watu waliotoka vijijini wakakutana na watu wasiofanana nao. Agnes Matabane, yaani Keketso Semoko, aliuza vinywaji kwa watu tuliojua wamezipataje fedha zao. Ugomvi wa mapenzi ulipotokea, ulitokea kati ya watu waliochoka.

Na sisi tulikuwa na sababu ya kuyaelewa hayo. Wengi wetu tulitoka Nzega, Kahama na Geita. Mwaka ule ule wa 1998 ilipoanza Isidingo, mgodi wa Golden Pride ulifunguliwa Nzega. Geita ukafuata mwaka 2000, na Bulyanhulu 2001. Tulikuwa tumeona kwa macho yetu kodi za vyumba zikipanda kwa mwezi mmoja, mabasi ya wafanyakazi yakipita alfajiri, na wazee waliozoea kuchimba kwa sururu wakiambiwa eneo limekwisha kupata mwenyewe. Horizon Deep kwetu ulikuwa mji jirani, tofauti ni kwamba wao walikuwa na lami.

Miaka ilivyokwenda, mchezo ulihamia ofisini. Stesheni ya televisheni, ON!TV, ikawa kubwa kuliko mgodi. Hisa, wosia, ulaghai wa matajiri kwa matajiri. Jioni moja, nimekwisha kuajiriwa na niko mbele ya televisheni yangu mwenyewe, niligundua kwamba juma zima sikuwa nimemwona mtu mwenye vumbi. Watu walikosana na kupatana, lakini hakuna aliyechelewa kazini.

Nijipinge mwenyewe kidogo, maana najua kuna mwenzetu mmoja hapa aliyesomea madini atanipinga akisimama. Dhahabu ya Afrika Kusini yenyewe ilikuwa inaisha. Mwaka 1970 nchi ile ilitoa tani kama 1,000. Siku hizi hutoa kama tani 100. Mwaka 1999, mchezo ukiwa mchanga kabisa, wakia moja ya dhahabu iliuzwa chini ya dola 260. Migodi ilifungwa na watu kwa maelfu wakarudishwa makwao. Mtu anaweza kusema waandishi waliiacha migodi kwa sababu hata nchi ilikuwa inaiacha. Naikubali hoja hiyo nusu. Kwa maana wale waliorudishwa makwao walirudi na vumbi kifuani, na kesi yao dhidi ya makampuni ilichukua miaka, mpaka Julai 2019 Mahakama Kuu ya Johannesburg ilipoidhinisha fidia ya randi bilioni 5. Hiyo ndiyo hadithi niliyotamani jioni zangu ziijae. Miezi minne baadaye, Novemba 2019, SABC, lililokuwa limekwisha kuiomba serikali fedha za kuliokoa, lilitangaza kwamba Isidingo itakoma kwa kuwa watazamaji na mapato vimepungua.

Sasa niseme kwa nini jambo hili, ambalo kwa wengine ni mzaha wa mezani, mimi linanigusa.

Nilimaliza hapa mwaka 2005. Nikakaa nyumbani miezi kadhaa nikisubiri chuo. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa dereva wa malori yaliyopeleka mizigo migodini, na mwaka ule aliletwa kwetu amelala nyuma ya pikapu. Ugonjwa wake uliitwa majina mengi: homa ya mapafu, malaria sugu, mkono wa mtu. Jina lenyewe halikutajwa. Mimi niliyekuwa nimetoka kidato cha sita na maksi nzuri za Baiolojia nilikaa kimya kama wengine.

Jioni tulitazama Isidingo, na Mjomba alibebwa akawekwa kwenye godoro sebuleni asikae peke yake. Wakati huo alikuwemo binti aitwaye Nandipha, aliyeigizwa na Hlubi Mboya, aliyekuwa akiishi na virusi vya Ukimwi. Vijana wa leo hamwezi kujua jambo hilo lilikuwa na maana gani. Sisi tulikuwa tumezoea michezo na vitabu ambamo mwenye ugonjwa huo huja ili afe, sisi tuliobaki tupate onyo. Kilio Chetu, ambacho vizazi vingi vya wanafunzi vimekisoma, ni kitabu cha aina hiyo, na sikilaumu. Kilikuwa na kazi yake. Lakini Nandipha alikuwa hafi. Alikwenda kazini, akapenda, akagombana na watu, akaudhika, juma baada ya juma, mwezi baada ya mwezi. Mchezo wa saa mbili usingeweza kufanya hivyo. Ilihitajika tamthilia ndefu, yenye subira, yenye kurudi kila siku, mpaka mtazamaji amzoee mgonjwa kama anavyomzoea jirani.

Jioni moja mama alizima televisheni mchezo haujaisha, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akamwambia Mjomba, mbele yetu sote: "Kaka, yule binti ana ule ugonjwa na anakula. Na wewe kesho utakwenda kupimwa. Mimi nitakwenda na wewe." Mjomba aligeukia ukutani. Hakujibu. Asubuhi tulimkuta amekwisha kuvaa viatu.

Dawa za kurefusha maisha zilikuwa zimeanza kutolewa bure na serikali mwaka uliotangulia, 2004, na hospitali ya mkoa ilikuwa nazo. Sitawachosha na yaliyofuata. Yalikuwa marefu na si mazuri yote. Mjomba yu hai. Ana miaka sitini na mitatu, anafuga kuku, na siku hizi anatazama tamthilia za Kituruki zilizotiwa sauti za Kiswahili, ambazo anazilaumu kwa kuwa na machozi mengi.

Basi, nilipopewa kazi hii na Kamati, nilikwenda kwake kwanza. Nilimwona ndiye shahidi wangu bora. Nikamsomea hoja yangu yote, mgodi na ofisi na vumbi. Akasikiliza huku akipepeta pumba za kuku, kisha akasema: "Mimi hayo siyajui. Ninyi mlikuwa mkimtazama Barker. Mimi nilikuwa ninamtazama yule binti. Alipoondoka, nami nikaondoka."

Kwa hiyo, Ndugu Mwenyekiti, shahidi wangu hawezi kutoa ushahidi, maana sehemu ninayosema ilishuka yeye hakuiona kabisa. Hata hivyo msimamo wangu nauweka mezani: ilishuka, na ilianza kushuka mgodi ulipogeuka kuwa picha ya ukutani. Ndugu yangu wa vidato viwili juu ana haki ya kunijibu, na nimeambiwa atapewa dakika tano. Ninaomba tu ziwe baada ya pilau, kwa sababu mpishi amekwisha kuchungulia mlangoni mara tatu.