Gitaa la Mtumba: Tazama Shingo Kwanza, Rangi Baadaye



Ukikaribia Katesh, Dongobesh au Haydom siku ya Jumapili asubuhi, sauti ya gitaa la besi hukufikia kabla hujaliona kanisa lenyewe. Kwaya isiyo na besi siku hizi huonekana pungufu. Lakini gitaa jipya ni ghali, kwa hiyo wengi huteremka Arusha au Dar es Salaam kutafuta la mtumba. Fedha yenyewe ni ya wanakwaya: huyu katoa gunia la mahindi, yule kauza vitunguu saumu, mwingine kauza mbuzi. Itakuwa aibu basi, baada ya kuuza mbuzi, kwenda kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

Tatizo la kwanza huanzia kwenye kamati. Anayetumwa mjini ni mweka hazina, kwa sababu yeye ndiye mwaminifu wa fedha. Mpigaji anaachwa nyumbani. Nadhani tumeirithi tabia hii kutoka enzi za bendi za mashirika. Ilipoundwa NUTA Jazz mwaka 1964, vyombo vilikuwa mali ya chama cha wafanyakazi, na mwanamuziki alivikuta jukwaani. Aliyelipa na aliyepiga hawakuwa mtu mmoja. Chama kikubwa kiliweza kuumudu utaratibu huo. Kwaya ya kijiji haiwezi.

Mweka hazina akifika dukani husoma jina lililo kichwani mwa gitaa. Leo Fender alitoa besi yake ya Precision huko California mwaka 1951, na Jazz Bass ikafuata mwaka 1960. Maumbo hayo mawili yameigwa dunia nzima. Jina la kichwani mara nyingi ni kibandiko tu, na kibandiko hakina ugumu kukitengeneza. Usilipie jina.

Lipia shingo. Lishike gitaa kama mtu anayelenga bunduki, uitazame shingo kuanzia kichwani hadi mwilini. Ikiwa imejipinda upande mmoja kama ubao uliolala juani, lirudishe na uage kwa adabu. Kisha bonyeza uzi mmoja kwenye freti ya kwanza na hapo hapo kwenye freti ya mwisho. Uzi uliokazwa hivyo umekuwa rula. Katikati, karibu na freti ya saba, pabaki nafasi ndogo ya kupitisha karatasi ngumu. Nafasi ikiwa kubwa, au isiwepo kabisa, ipo fimbo ya chuma ndani ya shingo ambayo hukazwa au kulegezwa kurekebisha hali hiyo. Muulize muuzaji aizungushe kidogo mbele yako. Akikataa, au nati yake ikiwa imekwisha meno, basi ugonjwa huo hauna dawa ya bei nafuu.

Beba na futi ya fundi cherehani. Kwa besi ya kawaida, kutoka pale nyuzi zinapoanzia kichwani hadi freti ya 12 ni kama sentimeta 43, na kutoka hapo hadi daraja linaloshika nyuzi chini ni 43 nyingine, pengine na milimeta chache za ziada. Zipo besi fupi zenye 38 kwa 38. Nazo si mbaya. Lakini nusu mbili zikipishana sana, ujue daraja limehamishwa au shingo imetoka kwenye gitaa jingine. Gitaa hilo halitaafikiana na kinanda hata siku moja.

Hapa ndipo tunapofika kwenye ufundi ulioongezwa. Gitaa lililobadilishwa si lazima liwe bovu. Jaco Pastorius wa Marekani alijipatia sifa duniani kwa besi isiyo na freti. (Kijana wenu anayejifunza bado asijaribu hilo mbele ya askofu.) Swali ni kama kilichofanyika kinaweza kurudishwa. Vitufe vya sauti vilivyobadilishwa, waya mpya, lehemu safi, hayo ni matengenezo ya kawaida. Mwili uliochimbwa kwa patasi ili kuingiza pikapu kubwa zaidi haurudi tena. Ombeni kifuniko cha nyuma kifunguliwe. Matundu ya skrubu yaliyozibwa kwa gundi na unga wa mbao yatawaeleza historia ambayo muuzaji ameisahau.

Ndani mkikuta betri ya volti 9, hiyo ni besi yenye kikuza sauti chake. Waya ukiachwa umechomekwa, betri huisha hata kama hakuna anayepiga. Ulizeni kwanza ni duka gani kijijini kwenu linaloiuza.

Halafu lichomekeni kwenye amplifaya. Kitufe kikikwaruza ni vumbi, kinasafishika. Mngurumo ukipungua unapogusa nyuzi, msiogope. Ukiongezeka unapogusa, waya wa ndani umekatika au umeungwa vibaya. Na ikiwa mpigaji anarushwa na umeme mdomo wake unapogusa maikrofoni, zimeni kila kitu palepale. Huo si mzaha. Kosa laweza kuwa kwenye amplifaya, kwenye jenereta au kwenye nyaya za kanisa lenyewe, na linaweza kuua mtu. Aitwe fundi umeme kabla ya ibada nyingine.

Limebaki moja ambalo wauzaji wa pwani hawalisemi, pengine kwa kuwa hawajafika huku. Gitaa lililoishi Dar es Salaam limezoea unyevu. Likipandishwa Mbulu wakati wa kiangazi, lenye baridi kavu na vumbi, mbao hunywea. Ncha za freti hutokeza pembeni na kukwaruza vidole, na shingo hubadilika. Msimwite muuzaji tapeli katika wiki ya kwanza. Lipeni gitaa mwezi mmoja lizoee, ndipo fundi alainishe ncha hizo kwa tupa ndogo na kuigusa ile fimbo ya shingoni, robo mzunguko kwa mara moja, kisha alilaze hadi kesho yake kabla ya kuigusa tena.