MASHINI ILIYO KIFUANI MWA MWENZETU

(Haya ni maneno tuliyosema mbele ya mkutano wa tawi. Wengi waliokuwa zamu hawakuweza kufika, kwa hiyo Bwana Katibu ametuomba tuyaandike yapigwe chapa hapa.)



Sisi tuliosimama hapa ni watu wa karakana ya mabehewa. Hatukusomea udaktari. Twasema juu ya jambo tuliloliona kwa macho yetu, na mengine tulielezwa na daktari wa kliniki ya moyo, maana tumekwenda huko na mwenzetu mara tatu mwaka huu wa 2025, na kila mara tulimwuliza daktari maswali mengi hata akacheka. Mwenzetu mwenyewe ameketi pale nyuma. Ametupa ruhusa kusema habari zake, ila jina lake lisiandikwe, nasi tumekubali.

Jambo lenyewe lilianza mwezi wa nne. Kila asubuhi, wakati wa kuvaa ovaroli, tulisikia mlio mwembamba kama wa simu iliyoishiwa na chaji. Siku ya kwanza kila mtu alitazama simu yake. Siku ya pili tulipekua juu ya makabati. Siku ya tatu kijana mmoja akasema, "Mlio huu unatoka kwa fundi." Tukacheka sote. Fundi hakucheka. Alifunga vifungo vya shati akaenda zake kazini.

Jioni yake ndipo alipotuambia. Mwaka 2018 alianguka sokoni akazimia, akapelekwa hospitali, na baadaye huko Nairobi akawekewa kifuani mashini inayoitwa difibrileta. Ni kisanduku kidogo kuliko kiganja cha mkono, kimekaa chini ya ngozi karibu na mtulinga wa kushoto, na waya wake umepita katika mshipa mpaka ndani ya moyo. Sisi tuliofanya kazi naye bega kwa bega miaka hiyo yote hatukujua. Kadi ya mashini hiyo, inayoonyesha ni ya kampuni gani na ya namna gani, aliificha nyumbani ndani ya Biblia.

Kwa nini aliificha? Kwa sababu alikuwa amesikia kwamba mtu mmoja mahali pengine alirudishwa nyumbani kwa ajili ya moyo wake. Tena kila alipoomba siku moja ya kwenda kliniki, msimamizi wa wakati ule alimwambia alete karatasi, na alipoleta karatasi siku ile ilikatwa mshahara. Akaona afadhali asiende. Miaka miwili ikapita bila mashini kupimwa. Ndugu zetu, mlio ule tuliokuwa tukiucheka ulikuwa ni mashini yenyewe ikitoa habari kwamba betri yake inakwisha.

Yafaa tueleze kwanza kazi ya mashini hii, maana tumesikia wengine wakisema kwamba ni moyo wa plastiki. Sivyo. Moyo hupiga kwa amri ya umeme mdogo unaozaliwa ndani ya moyo wenyewe. Amri hiyo ikivurugika sana, vyumba vya chini vya moyo hutetemeka tu, havisukumi damu, na mtu huanguka papo hapo. Asiposaidiwa hufa kwa dakika chache. Mashini hukaa macho usiku na mchana ikihesabu mapigo. Ikiona moyo unakwenda mbio kwa namna mbaya, mara nyingi hujaribu kwanza kuurudisha kwa mapigo madogo ya umeme ya upesi, na mara nyingi mtu hata hajui. Hilo likishindikana, au ikiwa moyo unatetemeka tu, hupiga pigo moja la umeme. Tuliokuwako wakati wa treni zenye gadi nyuma twaweza kuifananisha na gadi. Safari nzima waweza kudhani hana kazi, mpaka siku anapovuta breki.

Mwenzetu amepata pigo hilo mara moja, mwaka 2021. Tulimwuliza lilikuwaje. Alisema ni kama behewa linapogongwa na injini wakati wa kuunganishwa, ila behewa ni wewe.

Aliyeanzisha kazi hii ni daktari mmoja, Michel Mirowski, aliyezaliwa Warsaw mwaka 1924. Mwaka 1966 mkubwa wake wa kazi, Harry Heller, alikufa kwa ugonjwa huu wa mapigo ya moyo. Mirowski akaona kwamba mgonjwa wa namna ile hawezi kukaa hospitali maisha yake yote akingojea kuanguka. Basi yafaa hospitali imfuate, ikae ndani ya mwili. Yeye na mwenzake Morton Mower walifanya kazi hiyo katika mji wa Baltimore huko Marekani, na wakubwa wengine wa udaktari waliwapinga sana. Mtu wa kwanza aliwekewa mashini tarehe 4 Februari 1980, katika hospitali ya Johns Hopkins.

Na ninyi mnaopenda mpira mnamjua Christian Eriksen wa Denmark. Tarehe 12 Juni 2021 alianguka uwanjani Copenhagen moyo ukiwa umesimama, akaamshwa mbele ya ulimwengu wote, kisha akawekewa mashini hii. Sheria ya Italia haikumruhusu kucheza huko akiwa nayo, mkataba wake na Inter ukavunjwa kwa mapatano mwezi wa Desemba. Akaenda Uingereza ambako hakukatazwa, na mwezi wa Februari 2022 alikuwa uwanjani na Brentford. Mwaka 2024 alifunga goli katika mashindano ya Ulaya. Mtu ni yule yule na mashini ni ile ile. Mahali pamoja kazi imekwisha, mahali pengine kazi inaendelea. Hatusemi ni nani aliyekosea. Twasema tu kwamba kuwa na mashini kifuani hakumalizi habari ya kazi, kunaianzisha.

Tukarudi kwa mwenzetu. Siku ya pili yake tulimwendea msimamizi wa sasa pamoja na mwakilishi wa chama, akampa ruhusa, na wawili kati yetu wakamsindikiza. Kule kliniki hawakumpasua wala kumdunga sindano. Daktari aliweka kifaa kama kisahani juu ya kifua, akatazama kioo cha mashini yake ya kusomea, na habari zote zikatoka. Ndipo tulipojua sababu ya kadi. Mashini ya kusomea ya kampuni moja haisomi difibrileta ya kampuni nyingine, na mtu akija bila kadi, kazi ya kwanza ni kuanza kutafuta ni ya nani.

Daktari alisema betri imefika mahali pa kubadilishwa, na kwamba tangu hapo huhesabiwa miezi kama mitatu hivi. Halafu akatuonyesha jambo lililotunyamazisha. Usiku mmoja wa mwezi wa pili, saa nane na dakika kadhaa, moyo wa mwenzetu ulikwenda mbio kwa namna mbaya, na mashini ikaurudisha bila pigo. Asubuhi ile alikuja kazini, akafanya kazi pamoja nasi, akanywa chai. Hakujua lolote, wala sisi. Kama angeendelea kukosa kliniki mpaka betri ikafa, usiku kama ule ungekuja na hakuna wa kuvuta breki.

Betri haibadilishwi kama ya tochi. Kisanduku chote hutolewa kikawekwa kipya, na waya, kama ni mzima, huachwa mahali pake. Mwenzetu alifanyiwa hivyo mwezi wa sita. Gharama yake ni mshahara wetu wa miezi mingi. Sehemu ililipwa na bima, sehemu ni mchango wenu, na risiti zote ziko kwa mweka hazina. Twawashauri walio na mashini hizi waanze kuuliza mapema bima itatoa nini, tangu betri ingali na nguvu ya mwaka mzima, kwa kuwa mambo ya bima yamebadilika tangu SHA ichukue mahali pa NHIF mwezi wa Oktoba 2024, na mambo haya hayataki haraka ya miezi mitatu.

Baada ya kisanduku kipya alirudi kliniki mwezi wa tisa, na sasa atapimwa kila miezi sita. Akiona kidonda kimekuwa chekundu, kimevimba au kinatoa maji, asitie dawa ya duka wala kukitumbua, aende hospitali siku ile ile. Wadudu wakishika kisanduku huweza kufuata waya mpaka moyoni.

Sasa mambo ya karakana, na hapa ndipo tulipoona aibu. Mwenzetu alikuwa akitia katika mfuko wa shati ile fimbo yenye sumaku ya kuokotea skrubu. Mfuko wa kushoto! Daktari aliposikia aliweka kalamu chini. Sumaku ikikaribia mashini hii, mashini huacha kupiga pigo muda wote sumaku inapokuwa pale, na mwenyewe huenda asijue. Sumaku zote zikae mbali, si chini ya sentimita 15. Simu vivyo hivyo, isitiwe mfuko wa kifuani, na isikizwe kwa sikio la upande wa pili.

Kuchomelea kwa stima ni habari nyingine. Umeme wa kuchomelea waweza kuidanganya mashini ikadhani ni moyo unaotetemeka, ikapiga pigo bure, na mtu yuko juu ya ngazi. Madaktari hukubali kwa wengine kwa masharti, umeme usizidi ampea 160, kifua kiwe mbali na moto kwa sentimita 60 au zaidi, nyaya mbili zikae pamoja, mahali pawe pakavu, na asiwe peke yake. Mwenzetu alikuwa akishika kazi hiyo kila fundi wa kuchomelea alipokosekana. Sisi tumeona ni afadhali asiishike kabisa, na msimamizi amekubali. Sasa yuko chumba cha vyombo, mshahara ni ule ule.

Dereva wa treni hatutamdanganya. Akiwekewa mashini hii, asitazamie chama kimrudishe kwenye injini. Uingereza mwenye nayo hapewi hata laiseni ya lori kubwa au basi, na sababu twaielewa, kwa kuwa pigo moja au kuzimia kidogo na abiria wako nyuma yako. Lakini kati ya injini na kurudishwa nyumbani ziko kazi nyingi, na hapo ndipo chama kisimame imara.

Kuhusu sheria, Bwana Katibu ametusomea na sisi tukaandika. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 30, humpa aliyetumika miezi miwili mfululizo siku za ugonjwa zisizopungua 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika kila miezi 12, akileta cheti cha daktari. Mapatano ya chama yaweza kuzidisha. Kifungu cha 41 chasema kwamba mwajiri akitaka kumwachisha mtu kwa sababu ya kutojiweza mwilini, lazima kwanza amweleze sababu kwa lugha anayoielewa, na mtu huyo ana haki ya kuwa na mfanyi kazi mwenzake au mwakilishi wa chama kando yake. Kama mwenzetu angejua hayo mwaka 2018, labda ile kadi isingelala ndani ya Biblia. Siku zake zilizokatwa tumeziandikia barua. Majibu hayajaja.

Maswali yaliyoulizwa mkutanoni tuliyajibu hivi. Je, mtu akimgusa wakati wa pigo atakufa? Hapana, huenda akasikia mtekenyo mdogo tu. Je, akianguka tungoje mashini ifanye kazi yake? Tusingoje. Asipoamka na hapumui sawasawa, mmoja apige simu na mwingine aanze kumkandamiza kifua, kwa nguvu na upesi, mpaka msaada ufike. Akipata pigo moja kisha akajisikia mzima, apige simu kliniki siku ile ile. Akipata mawili au zaidi mfululizo, au moja naye hajisikii vizuri, apelekwe hospitali mara moja, hata kama ni katikati ya zamu na hata kama msimamizi hayupo. Ndugu mmoja Mhindi aliuliza habari ya kuchoma maiti. Swali zuri sana. Mashini lazima itolewe kwanza, maana huweza kupasuka motoni, kwa hiyo jamaa nyumbani nao wajue kwamba iko.

Nakala ya kadi ya mwenzetu sasa iko mahali pawili, ndani ya mlango wa sanduku la huduma ya kwanza, na kwa mwakilishi wa zamu ya usiku. Tangu mkutano ule wanachama wawili wamekuja kutuambia kwa siri kwamba wao pia wana mashini za moyo, mmoja tangu mwaka 2022. Huyo hajapimwa mwaka huu. Tumemwombea siku, na atakwenda Alhamisi.

Kliniki ya mwenzetu ni mwezi wa tatu mwaka ujao. Zamu ya kumsindikiza ni ya watu wa rangi, na majina yao yamebandikwa mlangoni.