Presha ya Ukoo Si Hukumu

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wa wanafunzi wa zamani, daktari kwa kazi yake, siku ya mkutano wetu wa mwaka)



Nimeombwa niseme machache juu ya shinikizo la damu, au presha kama tunavyoiita nyumbani. Kila tukutanapo hapa tunasimama kimya kuwakumbuka wenzetu waliotutoka, na kiharusi hakikosi kutajwa. Kisha husikika mtu akinong'ona, "Ni ya ukoo ule, hata baba yake alikwenda hivyo hivyo." Maneno hayo yana ukweli, na yana hatari pia.

Kwanza ukweli. Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Uchunguzi wa mapacha na wa jamaa umeonyesha kwamba kiasi cha asilimia 30 hadi 50 ya tofauti za presha baina ya watu hutokana na urithi. Katika karne iliyopita madaktari wawili wa Uingereza, Robert Platt na George Pickering, walibishana juu ya jambo hili kwa miaka mingi. Platt alishikilia kwamba ni kazi ya chembe moja ya urithi: unayo au huna. Pickering akasema chembe ni nyingi, kila moja ikiongeza kidogo, kama ilivyo kwa kimo cha mtu. Pickering ndiye aliyeukaribia ukweli. Mwaka 2018 wataalamu waliochunguza zaidi ya watu milioni moja wenye asili ya Ulaya walihesabu sehemu zaidi ya 900 za urithi zinazohusika na presha, na mchango wa kila moja ni mdogo mno. Ziko chembe zenye nguvu ya peke yake, kama katika ugonjwa wa Liddle ambapo figo hung'ang'ania chumvi, lakini hizo ni nadra sana.

Figo ndizo zinazoamua chumvi itoke au ibaki. Ikibaki, maji hubaki nayo, na mishipa hujaa. Ndiyo sababu mojawapo inayofanya watu wawili wale sahani moja, presha ya mmoja ikapanda na ya mwenziwe isipande.

Sasa hatari. Mwaka 1929 daktari C. P. Donnison alichapisha vipimo vya watu 1,000 wa kwetu Nyanza. Hakuona presha ikipanda kwa uzee kama ilivyopanda Ulaya. Miaka mingi baadaye watafiti waliwafuata Wajaluo waliotoka vijijini kwenda kuishi Nairobi, na matokeo yakachapishwa mwaka 1990. Presha ya wahamiaji hao ilipanda mapema tu baada ya kufika mjini, na mkojo wao ulikuwa na chumvi nyingi zaidi, na potasiamu kidogo, kuliko wa wenzao waliobaki nyumbani. Je, walibadili damu ya ukoo wakiwa ndani ya basi? La. Walibadili chungu na maisha. Urithi ni mbegu, nayo mbegu haioti pasipo udongo.

Kwa hiyo, ndugu zangu, anayesema "ni ya ukoo" kisha akakaa kitako amepata onyo akaligeuza hukumu. Mwenye mzazi aliyeugua presha ndiye hasa apimwe kila mwaka, hata kama hasikii maumivu, maana ugonjwa huu hauna kelele. Kipimo kikirudia kufika 140 kwa 90, aonane na daktari. Chumvi yote ya siku isizidi kijiko kimoja cha chai; mboga, maharagwe na ndizi ziongezwe. Na presha ya kurithi husikia dawa kama nyingine, ila mgonjwa asiiache dawa kwa kuwa amejisikia vizuri.

Vijana, mkienda likizo waulizeni wazazi na babu zenu nani katika ukoo aliugua presha, figo au kiharusi, na akiwa na umri gani. Nasi wazee tusiwafiche kwa aibu. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa anayeumbuka baadaye ni mtoto ambaye hakuambiwa.

Muuguzi ameketi pale ukumbini na kipimo chake, wala hakuna malipo. Naomba walimu na wazee watangulie ili vijana waone.