Hotuba Juu ya Kisukari: Yatokeayo Damuni Baada ya Kunywa Glukosi



Tulifundishwa darasani kwamba maadui wa taifa ni watatu: ujinga, maradhi na umaskini. Leo nimeombwa kusema juu ya huyo wa pili, nami nimechagua kisukari na kipimo cha kunywa glukosi. Ugonjwa huu waweza kukaa mwilini miaka mingi bila maumivu, huku ukiharibu macho, figo na miguu.

Anayepimwa hulala bila kula kwa saa nane au zaidi. Maji tu ndiyo ruhusa. Asubuhi hutolewa damu, kisha hunywa gramu 75 za glukosi katika maji, kiasi kinachokaribia sukari ya chupa mbili za soda za mililita 350. Hukaa ametulia, na baada ya saa mbili hutolewa damu tena.

Usiku ule wa kufunga, mwili huishi kama kaya inayokula akiba ya ghalani. Ini hutoa glukosi kidogo kidogo, mafuta huvunjwa, na asidi za mafuta na ketoni huongezeka damuni. Glukosi inaponywewa, kongosho humtuma tarishi aitwaye insulini. Huliambia ini liache kutoa glukosi, huiambia misuli iipokee, na hulifunga ghala la mafuta. Kwa mtu mzima wa afya, glukosi hupanda kwa nusu saa au saa moja, kisha hushuka. Asidi za mafuta, ketoni na baadhi ya asidi za amino hupungua, na laktati huongezeka kidogo kwa kuwa glukosi inatumika.

Kwa mwenye kisukari, tarishi hatoshi au hasikilizwi. Glukosi hupanda na kuchelewa kushuka. Utafiti uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kwa walio katika hatari ya kisukari, mabadiliko ya vitu hivyo vingine nayo huwa hafifu. Yaani mwili huanza kutosikia insulini kabla ugonjwa haujakamilika.

Shirika la Afya Duniani limeweka mipaka. Milimoli 7.0 kwa lita au zaidi kabla ya kunywa, ama 11.1 au zaidi baada ya saa mbili, ni kisukari. Kati ya 7.8 na 11.0 baada ya saa mbili ni onyo. Asiye na dalili hurudiwa kipimo kabla ya kuhukumiwa. Tena wapo ambao damu ya asubuhi husema ni wazima, na ya saa mbili ikakataa.

Profesa Donald McLarty wa Muhimbili na wenzake walikitumia kipimo hiki katika vijiji sita vya nchi yetu. Taarifa yao ya mwaka 1989, juu ya watu zaidi ya 6,000, ilionyesha kisukari kwa pungufu ya mtu mmoja katika 100, na onyo kwa kama wanane. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2012, kwa watu wa miaka 25 hadi 64, ulipata kisukari kwa kama tisa katika 100. Umri na njia za kupima havikuwa sawa, lakini tofauti hiyo si ya kupuuza.

Wazee wetu wa Kumsenga walipanda vilima na jembe begani, wakala maharage na ugali wa muhogo. Misuli inayofanya kazi huchukua glukosi hata insulini ikiwa kidogo. Sisi tuliokwenda mijini tumepata kiti, gari na soda, na vitambi vyetu mnaviona hapa.

Wanafunzi, mkiona mzazi ana kiu isiyokatika, anakojoa mara kwa mara na kukonda, msikubali kuambiwa amerogwa. Mpelekeni hospitali Kibondo au Kasulu. Nasi tuliopita miaka 40, twende tukapimwe, wala tusinywe chai njiani. Mficha maradhi, kifo humuumbua.