Kuku Wangu Alikufa kwa Kushiba

Maelezo ya mwanachama mfugaji, siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi



Nimeombwa nieleze mkopo wa kikundi umenisaidia nini. Wenzangu wameshasema habari za vyerehani na magenge, nami sitarudia. Mimi nitawaeleza habari ya kuku mmoja tu. Msicheke jamani, maana kuku huyo nusura anitoe kwenye kikundi hiki.

Kwa mkopo wangu wa pili nilinunua kuku 30 wa mayai, nikawafuga uani. Wakataga vizuri, marejesho nikawa napeleka kila wiki bila kusukumwa. Kulikuwa na mmoja mnene, ndiye niliyempenda kuliko wote. Jioni moja ya mwezi wa Februari, na joto la Tanga mnalijua, nilimwacha anadonoa kama kawaida. Asubuhi nafungua banda, kalala chini, amekauka. Jana mzima, leo maiti.

Sasa, siku mbili kabla, jirani yangu alikuwa ametega sumu ya panya karibu na ukuta wetu. Na jirani huyo ni nani? Ni Mweka Hazina wetu, tena ndiye mdhamini wa mkopo wangu. Ameniruhusu niseme, na pale alipo anacheka. Wiki hiyo hiyo alikuwa amenidai faini ya kuchelewa mkutano mbele za watu. Nikaunganisha mambo, nikasema huyu ana kijicho, kaniulia kuku. Nikaenda kwa Mama Mwenyekiti kumwambia naomba hisa zangu, najitoa. Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza swali moja: "Umempasua huyo kuku?"

Nikasema hapana. Akasema, "Basi hujui kilichomuua. Mpeleke kwa Bwana Mifugo sasa hivi, kabla hajaoza."

Bwana Mifugo hakuanza na kisu, alianza na maswali. Wamekufa wangapi? Mmoja. Waliobaki wanakula? Wanakula. Yupo anayekoroma, anayepinda shingo au anayehara kijani? Hayupo. Akasema kingekuwa kideri, kwa kawaida kisingeishia kwa mmoja. Bandani kuna damu, manyoya, au tundu? Hakuna. Basi si kicheche. Akaniambia pia kwamba wangekufa wengi kwa mpigo asingempasua pale, angetoa taarifa kwanza, kwani yapo magonjwa ya kuku yanayompata na binadamu.

Ndipo akavaa glavu, akampasua. Tumbo lilijaa mafuta. Ini lilikuwa la manjano, ukiligusa linamong'onyoka, na limepasuka upande mmoja. Juu yake bonge la damu iliyoganda. Akasema kuku amevuja damu ndani. Ini likijaa mafuta hupasuka, na kuku hufa ghafla hata akiwa kwenye kutaga.

Nikamwuliza, na sumu je? Akaniagiza kasha lake. Ikabidi nikaliombe kwa jirani, akanipa bila neno. Bwana Mifugo akasoma, akasema sumu ya aina hii huzuia damu isigande. Hii imeganda bonge zima. Na sumu hii haijazi mafuta kwenye ini.

"Unawalisha nini?" Hapo nikaanza kukwepa macho. Chakula cha kuku wa mayai nilikuwa nawapa, lakini juu yake nikiwaongezea mahindi na ukoko wa ugali asubuhi na jioni, na yule mnene nikimpendelea. Banda nalo dogo, hawatembei. Kuku wa mayai, mama zangu, hutosheka na gramu 110 hadi 120 za chakula chake kwa siku. Mahindi na ugali ni wanga. Ukizidisha, wanga hugeuka mafuta yakajaa kwenye ini. Ongeza joto na kukaa bila kutembea, umemaliza. Kumbe muuaji ni mimi, na ukoko wangu mkononi!

Nikaacha ukoko, nikawapanulia uzio, nikawaning'inizia mchicha wauparukie. Wale 29 wakaendelea kutaga, na mkopo nikaumaliza. Mweka Hazina nilimpelekea trei ya mayai na kumwomba radhi. Na sumu yake akaihamisha, maana kuku akiidonoa ingemdhuru kweli.

Kwa hiyo wafugaji wenzangu, kuku akifa usiku, hesabu waliobaki na uwatazame wanavyokula na kuhara. Kagua banda. Huyo aliyekufa usimle, usimtupie mbwa, mpeleke kwa mtaalamu siku hiyo hiyo. Na chanjo ya kideri isipitwe, maana kuku akishaugua haimsaidii tena. Chupa moja hutosha kuku wengi na ikishafunguliwa haikai, hivyo naomba tuchangie tuchanje siku moja.

Katika miaka hii 10 wapo waliotuacha kwa kudhani wamefanyiwa ubaya. Mimi ningekuwa mmojawao, na leo nisingesimama hapa. Mama Mwenyekiti, nakushukuru kwa lile swali.